Kompyuta ya nyumbani inakula umeme sana? Fuata dalili kabla hujashika bisibisi

Malalamiko ni yale yale kila siku, mmoja anasema uniti zinakimbia tangu aweke PC ndani, mwingine anasema mashine inanguruma hata akiwa hafanyi kitu, mwingine kazima kabisa ila taa za kibodi zinawaka mpaka asubuhi. Na karibu wote wameshajipa jibu, eti nibadilishe pawa saplai (kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) au ninunue mashine mpya. Subiri kwanza. Mara nyingi kinachokumaliza sio ukubwa wa mashine, ni masaa inayokaa imewashwa bila mtu mbele yake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, wati zidisha kwa masaa, gawanya kwa 1000, hizo ndo uniti zako. PC ya gemu inayovuta wati 400, ukicheza masaa 3 ni uniti 1.2. PC ya kawaida inayovuta wati 70 ikiwa imetulia tu, ukiiacha masaa 24 ni uniti 1.68. Yaani ile iliyokaa kimya imemzidi mcheza gemu, na kwa siku 30 inafika uniti 50 na kidogo. Zidisha kwa bei unayolipa wewe utajua unaongea na kitu gani.

Kabla ya yote, pima

Kuna vimita vidogo vya kuchomeka kwenye soketi, unachomeka mita halafu kompyuta inachomekwa juu yake, inakusomea wati moja kwa moja. Ukiweza kukipata au kuazima, shida nusu imeisha.

Kama huna, tumia mita ya nyumba. Mita nyingi za kisasa zina kitaa kidogo kinachopepesa, na pembeni pameandikwa imp/kWh, yaani kinapepesa mara ngapi kwa uniti moja, mara nyingi 1000, 1600 au 3200. Zima kila kitu ndani, hata friji kwa hizo dakika chache, acha kompyuta na monita yake tu, halafu hesabu kitaa kinapepesa mara ngapi kwa dakika 10. Mita ya 1000, zidisha mara hizo kwa 6, ya 1600 zidisha kwa 3.75, ya 3200 zidisha kwa 1.875, jibu ni wati. Mfano mita ya 1000 ikipepesa mara 12, hiyo ni wati 72. Soma kwa macho tu, mita yenyewe usiifungue wala kugusa nyaya zake.

Pima mara tatu: ikiwa imetulia bila kazi, ikiwa silipu (imelala ila haijazimwa), na ikiwa imezimwa. Kwa makadirio tu, laptop yenye kazi nyepesi inavuta kama wati 10 mpaka 30, desktop isiyo na grafiksi kadi kubwa ikitulia ni 30 mpaka 70, monita ya LED ya inchi 24 huwa kati ya 15 na 30. Silipu ya kawaida ni wati 1 mpaka 5. Imezimwa inatakiwa iwe wati moja au mbili hivi. Namba zako zikiwa mbali sana na hizi, tafuta dalili yako hapo chini. Zikiwa zinalingana basi mwizi wa uniti zako siye kompyuta, kaangalie hita ya maji, pasi na friji.

Dalili: haiendi silipu, au inajiamsha yenyewe usiku

Hii ndo inakula watu wengi kuliko zote na ndo rahisi kurekebisha, kwa hiyo usiiruke.

Sababu ya kwanza kabisa ni setingi. Mtu aliweka isilale kamwe siku anapakua faili kubwa akasahau. Nenda kwenye setingi za pawa, weka skrini izime baada ya dakika 5, kompyuta ilale baada ya 15 au 20. Na tafadhali skrini seva haiokoi umeme, zile samaki zinazoogelea monita inawaka vile vile na prosesa inafanya kazi ya kuzichora. Na wolpepa nyeusi kwenye monita ya LCD (hata ile inayouzwa kwa jina la LED) haisaidii kitu kwa sababu taa ya nyuma inawaka muda wote, inasaidia kwenye skrini za OLED tu. Kwenye LCD kinachookoa ni kupunguza mwanga, na monita nyingi zinatoka kiwandani mwanga uko juu kupita kiasi.

Ya pili, kuna programu inaizuia isilale. Tabu ya brauza yenye video au mziki, kupakua kunakoendelea, au programu ya mikutano haijafungwa. Kwenye Windows fungua Command Prompt kama admini, andika powercfg /requests, itakutajia nani anaizuia. Kwenye Mac fungua Terminal andika pmset -g assertions, jibu lake linajaa maneno mengi ila jina la programu utaliona mle mle.

Ya tatu, mausi. Meza ikitikisika kidogo tu mausi inaamsha mashine, halafu asubuhi unajiuliza nani alikuwa anatumia. Ikishajiamsha andika powercfg /lastwake uone kilichoiamsha, na powercfg /devicequery wake_armed inakupa orodha ya vifaa vyote vyenye ruhusa ya kuamsha. Ingia Device Manager, chagua mausi, kwenye Power Management ondoa tiki ya "Allow this device to wake the computer". Kibodi iachie, maana lazima ubaki na kitu cha kuiamshia.

Ya nne ni kadi ya netiweki, utaratibu ni huo huo. Ya tano ni kazi zilizopangiwa muda, kama apdeti au skani ya antivirasi ya saa nane usiku, hizo unaziona kwa powercfg /waketimers. Usizime apdeti zenyewe, zipangie muda unaokuwa macho, hiyo inatosha.

Ukishindwa kabisa tumia hibaneti. Inahifadhi kazi zako zote kwenye diski halafu mashine inazima kabisa, ukiwasha unakuta ulipoishia. Kama haionekani kwenye menyu andika powercfg /h on ukiwa admini.

Dalili: feni inanguruma na mashine ni ya moto hata sifanyi kitu

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Task Manager ifunguke, panga kwa safu ya CPU halafu ngoja dakika mbili tatu. Usihukumu sekunde ya kwanza, maana Task Manager yenyewe ikifunguka inapandisha namba. Mashine iliyotulia inatakiwa iwe asilimia chache tu.

Mara nyingi utakuta ni brauza. Tabu 40, nusu yake zina matangazo ya video yanajizungusha yenyewe. Washa ile setingi ya brauza ya kulaza tabu usizotumia. Kama mashine inapanda ukiangalia video tu, cheki kama hadiweya akselereshoni (grafiksi kuisaidia prosesa kufungua video) imewashwa kwenye brauza, na kama mashine ni ya zamani inawezekana grafiksi yake haijui kufungua fomati mpya za video kama AV1, kwa hiyo prosesa ndo inabeba mzigo wote. Shusha video kutoka 1080p mpaka 720p utaisikia feni inanyamaza.

Zinazofuata ni programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta, lancha za gemu tatu, programu ya printa, programu ya kusinki mafaili, kila moja inavuta kidogo. Zizime kwenye Startup apps, hazifutiki, unazuia tu zisijiwashe.

Halafu kuna pawa plani. Mtu aliambiwa weka High performance kompyuta itakuwa na spidi, akaweka, sasa prosesa inabaki spidi ya juu hata bila kazi. Rudisha Balanced. Kwa kazi za kawaida hutaona tofauti ya spidi, kweli kabisa. Ukitaka kubana zaidi, kwenye setingi za ndani za plani tafuta Maximum processor state (kwenye mashine nyingine imefichwa) weka asilimia 99 badala ya 100. Hiyo asilimia moja inazima tabo (spidi ya ziada) kwenye prosesa nyingi, na joto linashuka kwa namna utakayoisikia kwa mkono. Ukitaka kucheza gemu rudisha 100.

Vumbi sasa. Watu wanaliogopa sana hili kwa upande wa umeme lakini tuseme ukweli, feni yenyewe inakula wati moja mpaka tatu tu, kwa hiyo kusafisha hakutashusha bili sana. Faida yake ni kwamba mashine yenye joto inajipunguza spidi, kazi ya nusu saa inakuwa dakika 50, na vifaa vinakufa mapema, na hiyo nayo ni gharama. Zima, chomoa waya ukutani, toa kifuniko, puliza kwa hewa ya kopo au brashi laini huku umezuia panga za feni kwa kidole zisizunguke. Pesti ya prosesa (ile inayopitisha joto lake kwenda kwenye kipozeo) ikiwa imekauka, yaani joto linaruka juu papo hapo ukifungua programu moja, ibadilishe kama umewahi kufanya, kama hujawahi mpe fundi, ni kazi fupi kwake.

Sababu ya mwisho haitokei sana ila ndo mbaya kuliko zote, programu ya kuchimba sarafu za kidijitali imeingia kwenye mashine yako bila wewe kujua, mara nyingi kupitia programu au gemu za krak, zile zilizovunjwa leseni. Dalili yake ni kwamba mashine inanguruma ukiiacha, ukifungua Task Manager inanyamaza ghafla, maana baadhi ya hizo programu zinajificha ukifungua. Hapo mita ya soketi inakuambia ukweli, wati haziwezi kudanganya. Piga skani kamili ikiwezekana ile ya kabla Windows haijawaka. Ikirudi tena baada ya skani usiendelee kupigana nayo, hifadhi mafaili yako, futa kila kitu uweke Windows upya, halafu badilisha paswedi ukitumia kifaa kingine.

Dalili: nimezima kabisa lakini bado inavuta

Desktop ikizimwa kwa kitufe cha mbele haijakatika umeme, pawa saplai inabaki inatoa umeme kidogo wa kusubiri. Wati moja mbili hizo achana nazo ukitaka. Ila ukipima ukakuta 8 au 15, tafuta:

- Vitu vya pembeni kwanza, spika zenye amplifaya yake, monita iliyobaki standibai, printa, rauta uliyoichomeka pamoja. Vyote viweke kwenye ekstensheni moja yenye swichi, ukimaliza kazi zima kompyuta vizuri, subiri izime kabisa, ndo ukate swichi. Rauta iache nje ya hiyo ekstensheni kama wengine ndani wanaitumia.
- Taa za kibodi na mausi, au simu inachajiwa kupitia USB ya kompyuta iliyozimwa. Ingia BIOS (setingi za mashine zinazofunguka kabla ya Windows) utafute setingi inaitwa ErP, ukiiwasha madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inakata umeme wa USB mashine ikizimwa. Ujue tu kwamba kuwasha kompyuta kwa kibodi au kupitia netiweki kutagoma.
- Kumbe haikuzimwa, ililala. Wengi wanabonyeza kitufe cha mbele wakidhani wamezima, kumbe kimesetiwa silipu.

Tahadhari ndogo kwa wanaokata ukutani kila siku, kabetri kadogo ka madabodi, mara nyingi ni CR2032, ndiko kanakotunza saa umeme ukiwa haupo kabisa kwa hiyo katachoka mapema kidogo. Ukiona saa na tarehe zinarudi nyuma kila ukiwasha, ni hako, na hakana gharama.

Dalili: ukicheza gemu au kuedit video uniti zinayeyuka

Hapa mashine inafanya kazi kweli kwa hiyo usitegemee miujiza, ila kuna upotevu mwingi wa bure.

Kwanza fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde, zisizo na kikomo. Gemu ikikaa kwenye menyu tu inaweza kuchora fremu mamia kwa sekunde wakati monita yako inaonyesha 60. Weka kikomo cha fremu kilingane na monita, au washa V-Sync, setingi ya gemu inayofanya hivyo hivyo. Hii moja ndo inashusha wati nyingi kuliko zote na haigharimu kitu, na ukiiacha menyu ikakaa wakati unakula, hasara yote hiyo ilikuwa inaenda hewani kama joto.

Pili, monita mbili zenye spidi tofauti, mfano moja 144 Hz nyingine 60 Hz. Kwenye grafiksi kadi nyingi hali hiyo inafanya memori ya kadi ibaki spidi ya juu hata ukiwa unasoma maandishi tu, na inaweza kuongeza wati 20 au zaidi bila kazi yoyote. Jaribu kushusha ile yenye spidi kubwa iwe 120 au 60, angalia mita, kama wati zimeshuka umempata.

Tatu, kikomo cha pawa cha kadi yenyewe. Kwenye programu ya kadi punguza pawa limiti mpaka asilimia 80 hivi, fremu zitapungua kidogo tu lakini wati zitapungua vizuri. Kupunguza limiti hakuna hatari. Kushusha volti kwa mkono ni hatua nyingine, gemu ikianza kujifunga yenyewe rudisha ilivyokuwa. Kupandisha volti usiguse kabisa.

Na pawa saplai? Hapa kuna uongo mkubwa umesambaa. Pawa saplai iliyoandikwa 750W haili wati 750, hicho ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, inavuta kile kompyuta inachohitaji pamoja na kinachopotea njiani. Kinachopotea ndo hiyo alama ya 80 PLUS inakihusu. Chukua kompyuta inayohitaji wati 100, pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 80 itavuta ukutani 125, yenye asilimia 90 itavuta 111. Tofauti wati 14, kwa masaa 8 kila siku ni kama uniti 3.4 kwa mwezi. Ikifa nunua nzuri, lakini kutoa nzima ukaweka mpya kwa ajili ya uniti tatu, hesabu mwenyewe itarudisha pesa lini.

Pawa saplai usiifungue. Hata ikiwa imechomolewa, kapasita za ndani zinabaki na umeme wa kuua mtu. Ikilia, ikinuka, ikitoa cheche au mashine ikijizima yenyewe chini ya mzigo, inabadilishwa nzima nzima, haifunguliwi mezani.

Dalili: laptop inaisha chaji kwenye begi, au chaja ina moto

Umefunika laptop imejaa, unaifungua kesho iko asilimia 30 na ina joto. Cheki kwanza kufunika kunafanya nini, labda imesetiwa isifanye chochote. Halafu andika powercfg /a, ukiona S0 Low Power Idle kwenye orodha ya zinazopatikana (sio ile ya zisizopatikana) ujue laptop yako inalala jicho moja wazi, inaweza kubaki imeshika intaneti inapokea meseji na apdeti. Dawa yake ni kuseti kufunika iwe hibaneti. Hali ya betri unaipata kwa powercfg /batteryreport, linganisha ujazo wa kiwandani na wa sasa.

Chaja iliyobaki ukutani bila laptop inavuta kidogo sana, mpya huwa chini ya nusu wati, chomoa kwa usalama zaidi kuliko kwa bili. Uvuguvugu wakati inachaji ni kawaida. Ikiwa huwezi kuishika, au waya umechubuka pale shingoni, acha kuitumia.

Betri ikivimba, yaani tachipedi imeinuka, kava halifungi sawa, laptop inayumba mezani, zima, chomoa chaja, usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiitupe kwenye takataka za kawaida. Mpelekee fundi, na njiani isigandamizwe na kitu chochote.

UPS na printa

UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta umeme ukikatika, inakula umeme wake yenyewe hata kama hamna kilichowashwa, na betri yake ya asidi huchoka ndani ya miaka mitatu mpaka mitano hivi, ikichoka inachaji bila kushiba na inapata joto. Ikivimba au kunuka, itoe kwenye matumizi. Printa ya leza inavuta mamia ya wati wakati inapasha joto kwa hiyo usiichomeke upande wa betri wa UPS, na ukishaprinti izime.

Dalili za kuacha kila kitu na kuita fundi umeme

Ekstensheni ina moto au plagi imebadilika rangi, soketi inatoa mlio wa kukaangika, harufu ya plastiki inayoungua, breka inakatika kila ukiwasha, boksi la kompyuta linakupiga shoti ukiligusa. Usirudishe breka mara ya pili na ya tatu ukijaribu bahati, kata umeme wa hiyo laini kwenye swichi kuu kama unaifikia salama. Shoti ya kwenye boksi mara nyingi ni soketi isiyo na ethi (waya wa ardhini), na hiyo sio kazi ya fundi kompyuta, ni ya fundi umeme aliyesomea. Ekstensheni mbili zilizochomekwa moja juu ya nyingine ziondoe leo.

Nimefanya yote bado inakula

Basi ni asili ya mashine. Desktop ya zamani inayovuta wati 70 ikitulia, mini PC ya kisasa inafanya kazi zile zile za ofisi na brauza kwa 10 mpaka 15. Chukua tofauti ya wati 55 kwa masaa 8 siku 30, ni uniti 13.2 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya uniti yako, kisha gawanya bei ya mashine mpya kwa jibu hilo, utapata miezi. Ikitoka 20 inafikirika. Ikitoka 90, baki na ya zamani, ihakikishie tu inalala.